Mguso wa kwanza wa kiungo: kwa nini kutuliza mpira peke yake hakutoshi

Watangazaji wa mpira wana neno wanalolipenda: "ametuliza." Mpira umetoka juu, umeshuka gambani, yaani kifuani, umelala miguuni kama umewekwa kwa mkono, na jukwaa linashangilia. Kwa winga aliyebaki peke yake pembeni, hapo kazi nzuri imefanyika. Kwa kiungo, mpira uliolala kimya mguuni mara nyingi umeshapotea, ila yeye bado hajajua.

Sababu ni mahali anapocheza. Beki wa kati akipokea mpira, uwanja karibu wote uko mbele ya macho yake. Beki wa pembeni na winga wana chaki ya pembeni, na hakuna anayeweza kuwakaba kutoka upande huo. Kiungo hana ukuta wowote. Adui yuko mgongoni, yuko ubavuni, na mwingine anaufuata mpira tangu ulipotoka kwa mpigaji. Akiusimamisha mpira chini ya unyayo, amewapa wote watatu taarifa moja: mpira uko hapa, na utaendelea kuwa hapa mpaka niinue kichwa.

Ndiyo maana ni vizuri kuutazama mguso wa kwanza kama pasi unayojipigia mwenyewe. Pasi yoyote ina mwelekeo, ina uzito na ina sababu. Mchezaji anayefanyia mazoezi ulaini tu, yaani mpira usimruke, anajifunza uzito peke yake. Mwelekeo na sababu anaviacha vijitokeze vyenyewe siku ya mechi, na huwa havijitokezi.

Kinachotokea mpira ukiwa bado njiani

Pasi ya chini ya mita 15 iliyopigwa kwa nguvu nzuri huondoka kwa kasi ya kama mita 12 kwa sekunde, kisha hupungua kidogo kwa msuguano wa nyasi. Itakufikia baada ya sekunde moja na robo hadi moja na nusu. Mkabaji aliyeanza kukimbia mpira ulipopigwa anaweza kula mita 5 hadi 7 katika muda huo. Kwa hiyo nafasi uliyoiona kabla pasi haijapigwa si nafasi utakayoikuta. Ukitazama nyuma mara moja, ukaridhika, kisha ukakodolea mpira mpaka ufike, unacheza na picha ya zamani.

Hapa ndipo viungo wazuri wanapojitenga na wengine. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, aliwachunguza wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa picha za karibu, akihesabu ni mara ngapi mchezaji anageuza kichwa kutazama pembeni na nyuma kabla ya kupokea. Waliotazama mara nyingi zaidi walikamilisha pasi zao kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko waliotazama mara chache. Xavi wa Barcelona alikuwa kielelezo cha tabia hiyo: kichwa chake hakikutulia hata mpira ukiwa kwa mabeki wake wa kati.

Kutazama kuna wakati wake. Macho yawe kwenye mpira mguu wa mpigaji unapougusa, kwa sababu hapo ndipo unasoma njia yake, nguvu yake na kama unazunguka. Mpira ukishaondoka, unakwenda kwa njia ambayo ubongo umeshaikadiria, na hapo una nafasi ya kutupa jicho juu ya bega kwa muda mfupi sana. Rudisha macho kwenye mpira kabla hujaugusa. Mpangilio ni mpira, bega, mpira. Wengi hufanya kinyume: hutazama pembeni wakati mwenzao anapiga, wakakosa kusoma pasi, kisha wakatumia safari nzima ya mpira kurekebisha miguu.

Na usitafute mtu mmoja mmoja unapotazama. Jicho la nusu sekunde haliwezi kusoma namba za jezi. Tafuta jibu la swali moja: mkabaji wa karibu yuko upande gani, na je, anakuja au amesimama? Jibu hilo linatosha kuamua mguso uende wapi.

Simama kiubavu

Mchezaji anayemkabili mpigaji pasi uso kwa uso anaona nusu ya uwanja tu, na mguso wake wowote utarudi ulikotoka. Akisimama kiubavu, bega moja likielekea mpira ulipo na jingine likielekea goli la wapinzani, anaona sehemu kubwa zaidi ya uwanja bila hata kugeuza shingo, na mpira unaweza kupita mbele ya mwili wake mpaka kwenye mguu wa mbali, ule ulio mbali na mpigaji. Mguu huo wa mbali ndio unaoupokea na kuusukuma mbele kwa tendo moja. Umepokea, umegeuka, na umeshapiga hatua.

Sheria ya "pokea kwa mguu wa mbali" hufundishwa kila mahali, na ni nzuri, ila ina mwisho wake. Mkabaji akija kutoka upande ule ule wa mguu wa mbali, kuuruhusu mpira ukatize mbele ya mwili ni kumkabidhi. Hapo pokea kwa mguu wa karibu, weka mwili kati yake na mpira, na mguso urudi ulikotoka au uende kando mbali naye. Kiungo anayetumia mguu wa mbali kila mara, bila kujali mkabaji yuko wapi, hajajifunza kanuni. Amejifunza mazoea.

Mpigaji pasi naye ana sehemu yake katika hili, na timu nyingi hupoteza mipira kwa kutolielewa. Pasi iliyolenga mguu wa mbali inasema "geuka." Pasi iliyolenga mguu wa karibu inasema "una mtu, nirudishie." Sauti ya mwenzako, "geuka!" au "mtu!", ithibitishe ujumbe ambao pasi yenyewe imeshautoa. Ukiona kiungo wako anapoteza mipira mingi akiwa anageuka, kabla ya kumlaumu angalia pasi zinamfikia mguu gani.

Ulaini unatoka wapi hasa

Kwa mujibu wa sheria za mchezo, mpira namba 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Chukua mpira wa gramu 430 ukija kwa kasi ya mita 12 kwa sekunde. Mguu ukirudi nyuma sentimita 20 wakati unaupokea, nguvu ya wastani inayohitajika kuusimamisha ni kama nyutoni 155, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 16. Mguu ukikaza na kurudi sentimita 2 tu, nguvu hiyo inapanda mara kumi. Mpira haukai kuvumilia nguvu kama hiyo. Unaruka, na unaruka kwenda kwa mwingine.

Ila kuna jambo ndani ya hesabu hiyo ambalo makocha wengi hawalisemi. Safari ya hizo sentimita 20 huchukua kama sehemu 3 kati ya 100 za sekunde. Binadamu huhitaji karibu sehemu 20 kati ya 100 za sekunde ili aitikie jambo aliloliona. Maana yake, huwezi kuusubiri mpira ukuguse ndipo uanze kurudisha mguu. Umeshachelewa mara sita. Mguu unatakiwa kwenda mbele kuulaki mpira, kisha uanze kurudi kabla mpira haujaugusa, ili mguso utokee mguu ukiwa tayari unarudi. Ukimwona mchezaji mpira "unamgandia," tazama mguu wake kabla ya mguso: umetangulia mbele, na tayari umeanza kurudi.

Makosa mawili hutokea hapa, na yanafanana kwa macho ingawa chanzo ni tofauti. La kwanza ni kulegeza kifundo cha mguu. Mchezaji ameambiwa "legeza mguu," akalegeza kila kitu, na mpira ukigonga wayo uliolegea unaupinda na kwenda upande usiotarajiwa. Kifundo kinatakiwa kikaze, vidole vikiwa vimeinuliwa kidogo kuelekea ugoko. Kinacholegea ni goti na nyonga, na huko ndiko mguu unakorudia. La pili ni urefu wa mguso. Mpira namba 5 una kipenyo cha kama sentimita 22, hivyo kitovu chake kiko sentimita 11 kutoka ardhini. Mguu ukiburuzwa chini unaugonga mpira chini ya kitovu, na mpira unapanda hadi magotini. Inua wayo mpaka ubapa wa ndani, lile eneo kati ya kifundo na shina la kidole gumba, ukutane na mpira kwenye kitovu au juu yake kidogo. Mara nyingi ni suala la kuinua mguu sentimita 5 au 6 tu, na mpira unaacha kuruka siku hiyo hiyo.

Mguu uliosimama nao usisahauliwe. Goti lake likinyooka, mwili umefungwa na hauwezi kurekebisha pasi iliyopotea njia kwa sentimita 30. Hatua fupi fupi kabla ya mpira kufika, na kajiruko kadogo ka mwisho kanakokuacha umesimama kwa mbele ya nyayo, ndivyo vinavyokupa uwezo wa kusogea kulia au kushoto mpira unapokaribia kufika.

Mpira uende umbali gani?

Hili ndilo swali lenye faida kubwa kuliko yote, na jibu lake linabadilika kila unapopokea. Ukiwa huru, mguso uende mita moja hadi moja na nusu mbele, kwenye njia ya mguu utakaopiga pasi inayofuata, ili usipoteze hatua kuupanga mpira upya. Mkabaji akiwa mita 2 kutoka kwako, mguso usizidi nusu mita na uende upande ambao mwili wako unamzuia. Akiwa anakuja mbio, fanya kinyume cha silika: uguse mpira kwa nguvu zaidi, umpite upande anaotoka. Mtu aliye katika kasi hawezi kusimama na kugeuka haraka, na mguso wa mita 2 hadi 3 kupita bega lake unamwondoa mchezoni kwa sekunde kadhaa. Mguso laini hapo ungekuwa zawadi kwake.

Kipimo rahisi cha mguso mzuri ni hiki: je, mguso wa pili unaweza kuwa pasi, bila hatua ya ziada ya kurekebisha? Kama jibu ni ndiyo, mguso wa kwanza ulikuwa mzuri hata kama haukupendeza. Kama ni hapana, ulikuwa mbaya hata kama jukwaa lilishangilia.

Mfano unaofaa kutazamwa tena na tena si wa kiungo, ila somo ni lake. Tarehe 4 Julai 1998, robo fainali ya Kombe la Dunia jijini Marseille, Uholanzi na Argentina ziko 1–1 na dakika 90 zinakaribia kwisha. Frank de Boer anapiga pasi ndefu ya juu kutoka nyuma. Dennis Bergkamp, mshambuliaji wa Uholanzi, anaruka, ananyoosha mguu wa kulia hewani na kuushusha mpira mbele yake. Mguso wa pili unaukata ndani na kumwacha beki wa Argentina, Roberto Ayala. Wa tatu, kwa nje ya mguu ule ule wa kulia, ni bao. Watu huusifu mguso wa kwanza kwa ulaini wake. Tazama mahali ulipoanguka mpira: umeanguka pale ambapo mguso wa pili ungeweza kumpita beki anayekuja kwa kasi. Ungeanguka mbele zaidi kidogo, Ayala angeufikia. Ungebaki chini ya mwili, Bergkamp angehitaji hatua ya kuupanga.

Sehemu nyingine za mwili

Ubapa wa ndani ndio wa kila siku. Nje ya mguu hutumika pale unapotaka kutoka haraka bila kugeuza nyonga, kwa sababu mguu uko tayari katika mkao wa kukimbia. Unyayo una kazi katika msongamano: kisigino chini, vidole juu, na mpira unabanwa kati ya wayo na ardhi kama chini ya paa la mteremko. Usiukanyage. Ukiukanyaga, unaponyoka nyuma au unakuteleza. Wachezaji wa futsal, yaani soka ya ukumbini, huutegemea sana unyayo kwa kuwa mpira wao, namba 4, hudunda kidogo: ukiangushwa kutoka mita 2, mdundo wa kwanza unatakiwa uwe kati ya sentimita 50 na 65.

Kwa mpira wa juu, paja lipokee katikati, mbali na goti ambalo ni mfupa, na lishuke pamoja na mpira. Gambani, kunja magoti kidogo, tanua mikono, toa pumzi mpira unapogusa ili kifua kiingie ndani. Mpira unaodunda una sehemu moja ya hatari, nayo ni pale unapopanda baada ya mdundo. Uwahi mara tu unapogusa ardhi, uubane kwa unyayo au ubapa wa ndani, au usubiri ufike kileleni ambako kasi yake ya kupanda imekwisha. Kwenye uwanja wenye mashimo na mabonde, weka mwili wote nyuma ya mpira, ili ukiruka ukute ugoko au paja badala ya hewa.

Mazoezi yanayobadilisha kitu

Ukuta ni mwalimu asiyechoka. Simama mita 5, piga pasi ya chini yenye nguvu, pokea kwa mguu mmoja na urudishe kwa mwingine. Seti nne za miguso 30, mapumziko ya dakika moja. Ukizoea, ongeza jicho: mara tu mpira unapoondoka ukutani, tupa jicho juu ya bega, kisha rudi kwenye mpira. Kwa umbali huo una chini ya nusu ya sekunde kama pasi ni kali, hivyo anza na mita 8 kisha usogee. Mguu dhaifu upate zamu mbili kwa kila zamu moja ya mguu wenye nguvu, la sivyo mkabaji yeyote mwenye akili atakusukumia huko ndani ya dakika kumi za kwanza.

Ukuta una upungufu mmoja: haukupi uamuzi. Kwa hilo unahitaji watu wawili na koni nne. Mpigaji awe mita 12 mbele yako. Nyuma yako, kulia na kushoto, panga malango mawili yenye upana wa mita moja na nusu, kila moja umbali wa mita 2. Mtu wa tatu asimame mita 5 nyuma yako. Mpira ukishaondoka kwa mpigaji, huyu wa nyuma anasogea hatua moja kulia au kushoto. Kazi yako ni kumwona na kuupitisha mpira, kwa mguso wa kwanza, kwenye lango aliloliacha wazi. Pasi 8 kwa seti, seti 4, mapumziko ya dakika moja na nusu.

Zoezi hili huharibika kwa njia zinazojirudia. Mtu wa nyuma huwahi kusogea kabla ya pasi, mpokeaji akatazama mara moja na kufunga mjadala. Mpigaji hupunguza nguvu kwa huruma, na mpokeaji akapata muda ambao hataupata kwenye mechi. Mpokeaji naye, akichoka, huanza kubahatisha lango. Ukiona amepata malango saba kati ya nane na hakugeuza kichwa hata mara moja, simamisha zoezi.

Rondo, ule mduara wa wanne dhidi ya wawili katika mraba wa mita 10 kwa 10, ni nzuri kama ukiweka sharti sahihi. Gusa achia ya mguso mmoja inanoa pasi na kasi ya mawazo, lakini haikufundishi kupokea, kwa kuwa hakuna kupokea. Weka miguso miwili ya lazima, na mguso wa kwanza uuondoe mpira pale ulipofikia. Mraba ukiwa mdogo mno kwa kiwango cha wachezaji, utaona mipira inapigwa ovyo. Ongeza mita 2 kila upande, kisha uupunguze taratibu wiki kwa wiki.

Danadana ina faida kwa hisia ya mguu na urefu wa mguso, hasa kwa watoto. Isichukue zaidi ya dakika 5 za mazoezi ya kiungo. Mpira wa danadana hauji kutoka mbali na hauna mkabaji nyuma yake.

Kagua upepo wa mpira kabla hujajilaumu. Sheria inaruhusu shinikizo la 0.6 hadi 1.1 za angahewa, na tofauti kati ya ncha hizo mbili mguu unaihisi. Mpira uliojazwa kupita kiasi unaruka hata kwenye mguso safi, na mpira laini unakudanganya kwamba umeiva.

Dakika 20 mara nne kwa wiki zinajenga zaidi kuliko saa moja na nusu ya Jumamosi, kwa sababu uchovu hufundisha miguu makosa. Na kila wiki mbili jipime kwa zoezi la malango: pasi 20 kali, hesabu ni ngapi ambazo mguso wako wa pili ulikuwa pasi safi kwa mwenzako ndani ya sekunde mbili. Andika namba hiyo, na pembeni yake uandike ngapi zilikuwa za mguu dhaifu. Ukifika 16, usifurahie kwa muda mrefu: mwambie mpigaji asogee mita 2 karibu na asipunguze nguvu.